Kupeleka haisi ya kulala ndani hadi Ushongo: maji, mchanga na kivuko cha Pangani

"Habari za kazi mtaalamu. Nina Toyota Hiace ya dizeli inayosukumwa na magurudumu ya nyuma, nimeigeuza kuwa gari la kulala: kitanda, jiko, tangi la maji la lita 60 nyuma kabisa, mtungi wa gesi wa kilo 6, betri ya pili na sola juu. Likizo ya mwezi wa sita nataka kutoka Dar na mke wangu na watoto wawili, wa miaka 7 na 11. Tupite Bagamoyo na Saadani, tulale ufukweni Ushongo, kusini ya mto Pangani, siku tatu au nne, tutembee kwa miguu hadi kwenye miamba, halafu tuvuke kwa kivuko kutoka Bweni kwenda Pangani na kumalizia Tanga. Rafiki yangu ameniambia niegeshe kwenye mchanga wenye majimaji kwa kuwa ndio mgumu, mita 20 hivi kutoka maji yanapoishia. Amesema pia nisipunguze upepo wa tairi kwa sababu gari si forwili, na tairi litachomoka kwenye rimu. Spea yangu inaning'inia chini, nyuma. Naogopa itakwaruza kwenye mlango wa kivuko. Na fundi anataka kupuliza oili chafu chini ya gari ili chumvi isilile. Mke wangu anaona bora tuchukue hoteli. Nifanyeje?"

Ndugu yangu, umeuliza mambo manne: pa kuegesha, upepo wa tairi, kivuko na chumvi. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja ambalo hukulitaja, nalo ni tarehe. Umesema mwezi wa sita, lakini hukusema ni siku zipi za mwezi wa angani. Safari ya gari la kulala pwani hupangwa kwanza kwa maji kupwa na kujaa, kilomita na mafuta baadaye. Ukichagua siku vizuri, nusu ya hofu zako zinakwisha kabla hujawasha gari.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa saa 24 na dakika kama 50. Kwa hiyo kila siku saa za maji husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Siku za bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya mwezi mpevu, tofauti kati ya maji yaliyojaa na yaliyopwa katika pwani ya Tanga hufika mita 3 na nusu hivi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Wavuvi hawahitaji simu kujua hili; wanahesabu tarehe za mwezi mwandamo. Tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ni bamvua, tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni maji mafu. Kalenda yoyote yenye tarehe za Kiislamu itakupa picha hiyo.

Sasa angalia saa zenyewe, maana hapa ndipo wageni wa pwani wanapokamatwa. Huku kwetu, siku za bamvua maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hupwa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa kama saa 4 asubuhi na saa 4 usiku. Mtu anayefika ufukweni saa 4 usiku wakati wa bamvua anakuta uwanja mpana, mkavu, unaovutia. Anaegesha, anatandika, analala. Maji yanamfikia saa 10 alfajiri, yeye yuko usingizini. Katika maji mafu, maji ya usiku yanajaa ukiwa bado umekaa nje na chai yako. Unayaona kwa macho yanaishia wapi, kisha unakwenda kulala ukijua.

Mita 20 za rafiki yako kwa hiyo hazina maana yoyote bila saa. Mabaharia hugawa kimo cha maji katika mafungu 12: saa ya kwanza maji hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Chukua bamvua la mita 3.6. Saa ya kwanza maji yanapanda sentimita 30 tu na unaona yametulia; saa ya tatu yanapanda sentimita 90. Kwenye ufukwe wenye mteremko mdogo wa mita 1 kwa kila mita 50, hizo sentimita 90 ni mita 45 za mchanga kwa saa moja. Mita zako 20 zinamezwa kwa chini ya nusu saa. Na mwezi wa sita ni wakati wa kusi: upepo unasukuma mawimbi kuelekea nchi kavu, na yanapanda juu zaidi ya mstari unaoonyeshwa na jedwali la maji.

Mahali pa kuegesha unapasoma ardhini. Ukitembea kutoka majini kwenda juu utakuta mistari ya mwani mkavu, vijiti na chupa za plastiki. Mstari wa chini ni wa maji ya jana au leo. Endelea hadi mstari wa juu kabisa, mara nyingi umeshazama nusu kwenye mchanga mweupe. Huo ni wa bamvua kubwa iliyopita. Juu yake utaona ule mmea unaotambaa wenye maua ya zambarau, halafu mivinje au minazi. Gari likae nyuma ya mmea huo, kwenye udongo uliokamatwa na mizizi. Chini ya mvinje ni sawa. Chini ya mnazi uliozaa hapana. Nazi kavu ikidondoka juu ya sola yako hutapata umeme, na ikidondokea mtoto ni jambo jingine kabisa.

Kuna sababu nyingine ya kutoliingiza gari ufukweni, na kwa Ushongo naiona kuwa nzito kuliko zote. Kasa hupanda usiku kutaga juu kidogo ya mstari wa maji, palepale ambapo mwenye gari angependa kuegesha, na mayai hukaa mchangani karibu miezi miwili. Mwezi wa sita bado yamo. Tairi linakandamiza kiota, na alama zake huwa mitaro ambamo vifaranga hukwama njiani kwenda majini. Taa nyeupe ya sola iliyowashwa usiku kucha huwavuta kuelekea nchi kavu. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: lala kwenye kambi au kiwanja chenye mwenyewe nyuma ya mivinje, ulipie, na uende ufukweni kwa miguu. Unapoteza hatua 30 tu. Kama unataka mahali pasipo na kambi, anzia ofisi ya serikali ya kijiji; watakuonyesha pa kulala na watajua mko hapo.

Tuje kwenye mchanga, kwa sababu hata ukiegesha vizuri utapita vipande vya mchanga njiani. Rafiki yako amesema kweli nusu. Mchanga wenye unyevu ni mgumu kwa kuwa maji kidogo kati ya chembe huzivuta zishikane. Lakini ugumu huo unadumu maadamu maji ni kidogo. Bahari inaporudi, maji hupanda kutoka chini na kujaza nafasi zote, chembe zinaanza kuelea, na gari zito lililosimama linatetemesha mchanga hadi unakuwa uji. Ukitaka kuona kabla ya kuponzwa, simama peku kwenye mchanga wa majimaji na utikise visigino kwa sekunde 20. Maji yakitokeza kuzunguka miguu na ukaanza kuzama, hapo gari la tani 2 na zaidi lisifike. Kwenye vijito vinavyoingia baharini ni hatari zaidi, hata maji yakiwa yamepwa.

Kuhusu upepo, ukweli ni kinyume cha ulichoambiwa: gari lisilo forwili ndilo linalohitaji kupunguza zaidi, kwa sababu lina magurudumu mawili tu ya kulisukuma. Upepo ukipungua, tairi halipanuki sana kwa upana. Linarefuka pale linapogusa ardhi, uzito unagawanyika, na tairi linapita juu ya mchanga badala ya kuchimba. Tuseme kwenye lami unatumia upepo wa psi 50 (soma kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva, usinakili cha mwingine). Kabla ya mchanga laini shusha hadi 30. Ukiona gari linavuta kwa shida, 25. Chini ya 20 ni kwa kujikwamua tu. Tairi kuchomoka kwenye rimu hutokea mtu akikata kona kali au akienda kasi kwa upepo wa 15 kushuka chini. Nenda kilomita 20 kwa saa, usukani mpole, na usifunge breki: ondoa mguu kwenye mafuta, mchanga utakusimamisha wenyewe.

Hatari halisi ya upepo mdogo iko baadaye, kwenye lami. Ubavu wa tairi unapinda na kunyooka kila mzunguko, unapata joto, na kwa kilomita 80 kwa saa tairi linaweza kupasuka ndani ya muda mfupi. Usiondoke na pampu ya mkono ukadhani itatosha. Beba pampu ya umeme yenye vibano vya kushika kwenye betri. Zile ndogo za kuchomeka kwenye soketi ya sigara huunguza fyuzi, au zenyewe huungua zikifanya kazi mfululizo. Kama ndiyo uliyonayo, ipumzishe baada ya kila tairi.

Ukikwama, hasara kubwa hutokea katika sekunde 10 za mwanzo, dereva anapokanyaga mafuta akidhani ataruka. Haisi yako ina uzito nyuma; tairi za nyuma zikizunguka bure zitachimba hadi difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma, ikae juu ya mchanga, na baada ya hapo tairi zinaning'inia tu. Acha mafuta mara moja. Shusha abiria wote. Chimba kwa sepetu mbele ya magurudumu yote manne, si ya nyuma peke yake, na utoe mchanga ulio chini ya difu na chini ya spea. Shusha upepo hadi 18. Sukuma mbao mbili za upana wa sentimita 25 na urefu wa mita 1 mbele ya tairi za nyuma, ziingie chini kidogo. Tumia gia ya pili, klachi polepole, watu wawili wakisukuma kwa nyuma, pembeni. Asisimame mtu nyuma ya mbao, maana hurushwa. Njia rahisi ya kutoka mara nyingi ni kurudi nyuma kwenye alama zako mwenyewe. Kama utavutwa, kamba ifungwe kwenye kulabu ya chesisi. Usiifunge kwenye bampa wala kwenye springi, na watu wakae mbali zaidi ya urefu wa kamba.

Sasa kivuko. Hofu yako hapa ni ya haki, na unaweza kuipima nyumbani kwa futi ya fundi. Pakia gari kama la safari: maji, gesi, vyakula, watu wote. Simamisha mahali tambarare. Pima kutoka pale tairi la nyuma linapogusa ardhi kwenda nyuma hadi sehemu ya chini kabisa ya spea, kisha pima kimo cha sehemu hiyo kutoka ardhini. Tuseme umepata sentimita 90 na sentimita 20. Gawanya 20 kwa 90: unapata 0.22. Hiyo ndiyo badiliko la mteremko ambalo mkia wako unaweza kulivumilia.

Upande wa pili wa hesabu uko kivukoni. Gari linashuka kwenye zege kuelekea majini, halafu linapanda mlango wa kivuko. Chukua kwa mfano zege linashuka mita 1 kwa kila 8, yaani 0.125, na mlango unapanda vivyo hivyo. Badiliko ni jumla ya yote mawili, 0.25. Ni kubwa kuliko 0.22, kwa hiyo spea itagusa, mara nyingi baada ya magurudumu ya nyuma kupita kwenye pembe na dereva kuanza kushukuru Mungu. Ukishusha watu na kumwaga tangi la lita 60, mkia ukainuka sentimita 4, unapata 24 kwa 90, yaani karibu 0.27, na unapita. Lakini kuna njia rahisi zaidi: fungua spea usiku wa kuamkia siku ya kuvuka na uiweke ndani, juu ya kitanda. Kitu cha chini kitakachobaki ni bampa. Ikiwa ni sentimita 35 juu na sentimita 120 nyuma, una 0.29, na tangi lako unaliacha limejaa. Angalia pia bomba la moshi, na kikanyagio cha mlangoni kama umeongeza. Hicho hugusa pale juu, mlango wa kivuko unapoungana na sitaha.

Na maji yanarudi tena hapa. Mto Pangani unaingia baharini palepale mjini, kwa hiyo kivuko kinapanda na kushuka pamoja na bahari. Maji yakipwa, hasa bamvua, kinagusa sehemu ya chini ya zege ambayo muda mwingi iko majini: ina utelezi wa kijani, matope, na kingo zilizolika. Maji yakiwa yamejaa nusu au zaidi, unapandia sehemu ya juu iliyo kavu na safi. Siku za maji mafu maji hujaa kama saa 4 asubuhi, hivyo ukivuka kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi unapata hali nzuri na mwanga wa kutosha. Ukienda siku za bamvua saa hizohizo, unakuta maji yamepwa. Fika mapema, egesha juu mbali na mteremko, shuka uangalie gari mbili tatu zikiingia, hasa haisi za abiria, uone mikia yao. Msimamizi wa kivuko akisema subiri, subiri. Yeye ndiye anayejua jinsi kivuko kinavyokaa siku hiyo.

Unapoingia, abiria wote washuke na kupanda kwa miguu. Ndivyo inavyotakiwa na ni kwa usalama wao. Mama amshike mkono mtoto mdogo. Funga valvu ya mtungi wa gesi kwenye mtungi wenyewe, sio kwenye jiko pekee. Usisimame katikati ya zege lenye utelezi. Subiri nafasi iwe wazi kisha nenda kwa mwendo mmoja, gia ya kwanza, bila kukata usukani. Ukishapangwa, zima injini, breki ya mkono, acha gia ya kwanza, na uweke kigingi kimoja nyuma ya tairi. Kioo cha dereva kibaki wazi. Shuka nawe, ujue majaketi ya kujiokolea yako wapi. Daraja la Pangani linajengwa; siku likianza kupitisha magari hesabu hii utaitumia kwa vivuko vingine tu.

Kuhusu njia, hapa nitakupinga kidogo. Saadani ni hifadhi ya taifa tangu 2005, na ndiyo hifadhi ya bara inayoshuka hadi kwenye mchanga wa Bahari ya Hindi, kwa hiyo naelewa mvuto wake. Lakini ina udongo mweusi wa mbuga, na masika huishia mwezi wa tano. Udongo huo ukilowa unajaza mistari ya tairi na kulifanya laini kama lililokwisha. Upepo mdogo hausaidii. Kipimo chake ni kiatu: shuka, tembea hatua 10 kwenye njia. Udongo ukishika chini ya soli ukawa mnene kama soli ya pili, geuza gari. Barabara ya lami kutoka Bagamoyo kupitia Makurunge na Saadani hadi Pangani na Tanga imekuwa ikijengwa kwa vipande, hivyo uliza madereva wa malori Bagamoyo juu ya kipande kilichobaki wiki ileile unayosafiri. Ndani ya hifadhi unalala kambi zilizotengwa tu, hutembei kwa miguu bila askari wa hifadhi, hata ufukweni, kwa sababu simba na tembo wapo, na geti lina saa za kufunga.

Njia ninayoiona salama zaidi kwa gari lako ni lami: Dar, Chalinze, Segera, Muheza, Tanga, kama kilomita 350. Unalala Tanga, kesho yake unashuka hadi Pangani, kama kilomita 50, na njiani unaweza kusimama Tongoni kuona magofu ya msikiti na makaburi ya kale. Unavuka kwenda Bweni, halafu kama kilomita 15 hadi Ushongo. Unarudi njia ileile, kwa hiyo utavuka mara mbili badala ya moja. Ubaya wake ni huo, na kwamba watoto hawataona tembo. Faida ni kwamba ukikuta kivuko kimesimama kwa matengenezo au bahari mbaya, uko upande wenye lami, gereji na hospitali, si ule wa pili. Kama Saadani ni lazima, ifanye safari ya pekee mwezi wa nane au wa tisa.

Matembezi ya kwenye miamba yana sheria moja: jua saa ya maji kupwa kabisa, na saa hiyo iwe ya kugeuka kurudi, si ya kuondoka. Mifereji iliyo kati ya mwamba na ufukwe hujaa kwanza, nyuma ya mgongo wako, wakati mwamba ulipo bado mkavu. Siku za maji mafu mwamba hautoki mbali sana kama bamvua, lakini maji hupwa saa 10 jioni, jua limepoa, na kwa mtoto wa miaka 7 inatosha. Viatu vya soli ngumu ni lazima. Kwenye mchanga wenye maji burura miguu badala ya kuinyanyua, samaki aitwaye taa aliyejifukia atakimbia. Mtu akichomwa na taa au yule samaki anayejifanya jiwe, zamisha mguu kwenye maji ya moto kadiri anavyoweza kuvumilia bila kuungua, mwingine apime kwanza kwa mkono wake, kwa dakika 30 hadi 90. Sumu yao huvunjwa na joto. Hilo mnalifanya huku safari ya hospitali ikiandaliwa. Kisiwa cha Maziwe, mbele ya Ushongo, ni fungu la mchanga linalofunikwa maji ya bamvua yakijaa. Nendeni na nahodha wa hapohapo, majaketi ya kujiokolea manne, ya watoto yawe ya saizi yao.

Oili chafu usikubali. Inaozesha bushi za mpira, ikigusa breki umepoteza breki, na mchanga unaishikilia pamoja na chumvi yake. Chumvi haiharibu chuma kwa kukauka juu yake. Inaharibu kwa kunyonya unyevu wa hewa kila usiku, hata ukiwa umerudi Dar, na kulifanya chuma lilowe tena na tena. Ndiyo maana "nitaosha nikifika nyumbani" ni kuchelewa. Siku mnayotoka Ushongo, tafuta bomba la maji baridi, funua mdomo wa bomba utoe maji mengi ya kawaida, na uoshe ndani ya chesisi kupitia matundu yake, katikati ya bamba za springi, na nyuma ya rimu. Mashine ya presha usiielekeze kwenye sili za beringi wala soketi za umeme. Kabla ya safari paka grisi kwenye vichwa vya betri zote mbili, na fundi apake chini rangi maalumu ya kuzuia kutu baada ya kusafisha, si juu ya tope. Kuingiza magurudumu kwenye maji ya bahari gari likitoka mwendoni ndiko kubaya kuliko yote: beringi ya moto ikipoa ghafla hunyonya maji kupitia sili.

Jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari, hata likiwa limebaki majivu mekundu na nje kuna mbu. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua familia nzima usingizini. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni. Kabati la mtungi liwe na tundu chini linalotoka nje ya gari. Usiku, fungueni sehemu mbili za hewa zenye wavu.

Mke wako hajakosea. Chukueni chumba Tanga usiku wa kwanza na wa mwisho. Utaoga, utapakua, utafungua spea bila kukimbizana na giza. Siku za Ushongo laleni garini, kati ya tarehe 7 na 10 za mwezi mwandamo, au 21 hadi 24.

Kabla ya yote hayo, mambo mawili hayawezi kutatuliwa kwa maandishi. Gari likiwa limepakiwa na mkia uko chini kuliko mbele, mpelekee fundi wa springi alione likiwa na mzigo huohuo, na mrija wa gesi ukaguliwe na mtu anayefunga gesi, kwa povu la sabuni, mbele yako. Mkiwa safarini, mtu akiamka na kichwa kinachouma pamoja na kichefuchefu ndani ya gari, toeni wote nje kwanza, kisha hospitali. Vivyo hivyo kwa aliyechomwa akivimba uso au kupumua kwa shida: Hospitali ya Wilaya ipo Pangani, na ya rufaa ya mkoa ni Bombo, Tanga. Kumbuka tu kwamba kutoka Ushongo kuna mto katikati, kwa hiyo siku ya kwanza mnapofika muulize mwenye kambi kivuko hufanya kazi hadi saa ngapi usiku, na watu wa pale huvukaje kikiwa kimefungwa.